Gari Lililozimika Njiani Tu

Fundi Saidi alizikwa Alhamisi alasiri, na Jumamosi nilikwenda nyumbani kwake kusaidia kazi za msiba. Nilipewa masufuria ya kusugua, nikaketi uani karibu na ukuta, na nyuma ya turubai lililotutenganisha na wanaume nilisikia mazungumzo yao vizuri kuliko walivyodhani. Mmoja alisema marehemu hakuwahi kushindwa na gari. Wa pili akakumbusha kwamba liko moja lililomshinda, la zahanati, alilokaa nalo mwezi mzima. "Lile alilipata yule binti wake wa gereji," akasema wa tatu. "Sijui aliishia wapi." Yule binti alikuwa hatua sita kutoka kwake, ana miaka arobaini na tisa, na mikono yake imejaa majivu na sabuni. Sikusema kitu, kwa kuwa msiba si mahali pa kusahihishana. Lakini haukuwa mwezi mzima. Zilikuwa siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa, na daftari la siku hizo ninalo hadi leo. Mambo ya nilikozaliwa na jinsi shule ilivyoniacha nitayaruka, maana hayasaidii kueleza lolote katika haya.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Kizota, nyuma ya mashine ya kusaga. Kilikuwa chumba cha kitanda kimoja na ndoo mbili, kuta hazijapigwa lipu, na unga mwembamba ulipenya dirishani hadi ukatulia juu ya kila kitu, pamoja na nywele zangu. Kila mota ya mashine ilipowashwa jioni, balbu yangu ilififia ikawa na rangi ya chungwa, kisha ikarudi taratibu. Majirani waliilaani mashine. Mimi niliketi kitandani nikaitazama balbu kama mtu anayetazama mlango, nikijiuliza kile kilichopungua pale kimekwenda wapi, na kimejuaje njia ya kwenda. Nilikuwa na kitabu cha fizikia kisicho na jalada, ambacho kurasa zake za mwanzo zilikuwa zimechanwa na kufungiwa karanga sokoni, kwa hiyo elimu yangu ya umeme ilianzia ukurasa wa thelathini na moja. Vitu vilivyoelezwa kabla ya hapo nilivigundua mwenyewe, vingine kwa kupigwa shoti. Nilipokwenda kwa Fundi Saidi kuomba kazi, hakuniuliza cheti. Alikuwa ameinama ndani ya boneti, na bila kugeuka akaniuliza, "Umeme ukishawasha taa unakwenda wapi?" Nikamjibu kwamba unarudi kwenye betri. Akageuka sasa, akanitazama kutoka miguuni hadi kwenye kitambaa cha kichwa. "Wengi huniambia unaisha," alisema. "Njoo kesho, uje na nguo ya kuchafua."

Gereji yake ilikuwa uwanja wenye mteremko, mabati matatu juu ya nguzo, na upande wa chini banda la Mama Sesilia aliyetupikia ugali wa mtama na mlenda. Ilikuwa na sheria moja tu ambayo haikuwa na msamaha: hakuna mkono unaoingia chini ya boneti kabla hendibreki haijavutwa na jiwe halijawekwa nyuma ya gurudumu. Sheria hiyo ilizaliwa siku pikapu ya mteja ilipoteremka yenyewe polepole, mafundi wakiitazama kama wanatazama harusi ikipita, ikaingia bandani na kusimama bampa likiwa ndani ya sufuria ya maharage. Hakuna aliyeumia. Lakini Fundi Saidi, mtu wa mjini, mswalihina, aliyeona aibu kuliko watu wote niliowahi kuwafahamu, hakuomba tena maharage kwa Mama Sesilia tangu siku hiyo. Magari yote yaliyoingia kwetu yalivutwa hendibreki kwanza. Lilikuwa jambo jema, na sote tuliliheshimu.

Gari la zahanati liliingia Jumatatu asubuhi. Lilikuwa la zamani, la kuvuta magurudumu yote manne, nyuma limewekwa kitanda cha wagonjwa na benchi moja la wasindikizaji. Kazi yake ilikuwa kuchukua wagonjwa vijijini, zaidi wajawazito, na kuwafikisha hospitali upande wa Mvumi. Dereva wake aliitwa Ndahani. Sote tulimwita Mzee Ndahani, ingawa sasa nikipiga hesabu naona alikuwa na miaka arobaini na mitano tu, mdogo kuliko mimi nilivyo leo. Alikuwa mtu mrefu, mwenye shati lililopigwa pasi hadi kola, na Kiswahili chake kilitembea taratibu kwa sababu kilikuwa kinatoka kwenye Kigogo. Alishika barua. Ilitoka kwa afisa usafirishaji wa wilaya, Bwana Komba, ikasema kwamba gari hilo limezimika njiani mara kumi na moja katika miezi mitano, kwamba gereji mbili zimelikagua na kulikuta zima, na kwamba yeye mwenyewe angekuja Ijumaa. Kama Fundi Saidi naye asingeona hitilafu, dereva angeachishwa kazi kwa kosa la kulizima gari kwa makusudi ili apate nafasi ya kunyonya dizeli na kuiuza. Bahasha haikuwa imefungwa. Alikuwa ameileta mwenyewe, na alikuwa ameisoma.

"Shikamoo Mzee," nilimwambia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi?"

"Mmoja wao."

"Basi nisikilize na wewe. Mimi siuzi mafuta."

Fundi Saidi alimpa kiti na chai, akamwacha aseme bila kumkatiza. Ndivyo alivyofanya kazi: gari lilisubiri hadi dereva amalize. Ndahani alisema kwamba gari huenda vizuri, halafu penye matuta yale madogo madogo ya barabara ya vumbi taa za dashibodi hufifia, na kabla hujatamka neno injini imekata. "Halafu unafanya nini?" aliuliza Fundi. "Nashuka, nafungua boneti, nagusagusa waya, nafunga. Napiga ufunguo, linawaka." Pale Beka, fundi wetu wa bodi, ambaye mdomo wake ulikuwa na kazi nyingi kuliko nyundo yake, akacheka. "Mzee, hizo si dalili za gari, hizo ni dalili za mganga. Unaligusa linapona?" Mafundi wengine wakacheka naye. Ndahani alikunywa chai yake hadi mwisho, akageuza kikombe juu chini kwenye kisosa.

Jumatatu na Jumanne tulipima kila kitu. Betri, vichwa vyake, alteneta, fyuzi moja moja, swichi ya ufunguo. Nilikuwa na mita ya sindano ambayo kioo chake kilikuwa kimepasuka, na kila namba niliyosoma niliiandika. Namba zote zilikuwa nzuri. Injini iliunguruma bila kukohoa, hendibreki imevutwa, jiwe liko mahali pake, mpaka Mama Sesilia akalalamika kwamba mlenda wake unanuka moshi. Jumatano Fundi Saidi aliliendesha mwenyewe kuelekea Mvumi na kurudi, mimi nikiwa kando yake nimeikazia macho dashibodi. Halikuzimika hata mara moja. Tulirudi, na Ndahani, aliyekuwa amesimama getini muda wote huo, aliona nyuso zetu na hakuuliza. Wakati wa chakula nilimsikia Beka akisema taratibu, safari hii bila mzaha, "Gari zima. Mbovu ni dereva." Hakuna aliyembishia. Nimeanza kwa kusahihisha, basi nisahihishe na hili: mimi pia sikumbishia. Kwenye daftari, chini ya namba za Jumatano, kuna neno moja nililoliandika kwa penseli, *uongo*, na mbele yake alama ya kuuliza. Nilikuwa nimejifunza kuamini namba, na namba zilikuwa zimemkataa yule mtu.

Kilichonisumbua hata nisiruhusu neno lile likae ni kule kufifia. Mtu anayetunga uongo kuhusu gari husema limezimika. Hasemi kwamba taa zilififia kwanza. Mimi nilikuwa nimeishi na balbu inayofifia karibu mwaka mzima, na nilijua kwamba kufifia kuna sababu yake, kwamba mahali fulani njia imebana. Alhamisi mchana tulipokaa kula, nilibeba sahani yangu nikahamia benchi alilokalia Ndahani peke yake.

"Mzee, nataka uniambie tena. Lakini usinieleze, nioneshe."

"Gari liko kule juu."

"Hapa hapa. Hili benchi ndilo gari. Uko njiani, linazimika. Fanya vilevile ulivyofanya."

"Mpeni usukani," alisema Beka. Mama Sesilia akatoa mfuniko wa sufuria, akampa. "Usinipindie, Dereva. Ndio mfuniko pekee unaofunga."

Nilidhani atakataa kwa aibu. Lakini aliweka ugali wake pembeni, akanawa mikono, akaushika mfuniko kwa mikono miwili, na uso wake ukabadilika. Akawa barabarani. Mabega yalitikisika kwa matuta, kichwa kiligeuka mara moja kutazama nyuma kama kuna mtu amelala pale, macho yakashuka kwenye dashibodi isiyokuwapo. "Zinafifia," alisema. "Limekata." Akaupeleka mfuniko kushoto, akasubiri gari lisimame, na mkono wake wa kushoto ukashuka kando ya paja, ukashika hewa, ukavuta juu. Kisha akafungua mlango, akashuka, akazunguka, akafungua boneti, akagusagusa hewa, akafunga, akarudi kuketi, akazungusha ufunguo. "Linawaka," alisema, akanirudishia macho.

"Mkono wa kushoto ulifanya nini?"

"Upi?"

"Kabla hujashuka. Ulivuta kitu."

Aliutazama mkono wake kana kwamba ameuazima. "Sikuvuta kitu."

Beka alikuwa ameacha kutafuna. "Umevuta hendibreki, Mzee."

"Aa, hiyo. Hiyo kila dereva anavuta."

Ni miaka mingi sasa, na nimefundisha vijana wa kike na wa kiume kazi hii, na bado dakika ile ndiyo ninayowasimulia kwanza. Mara kumi na moja alikuwa amewaeleza wakubwa zake kila alichofanya, na mara kumi na moja aliacha jambo moja, bila hila yoyote, kwa sababu kwake halikuwa jambo. Na sisi tulikuwa tumelificha jambo lilelile kwa namna yetu. Nilikwenda kwa Fundi Saidi, nikasimama mbele yake kama mtu anayeomba ruhusa ya kuondoka kazini. "Fundi, naomba niachie hendibreki, injini ikiwa inawaka na boneti iko wazi." Alitazama banda la Mama Sesilia, akanitazama mimi, halafu akaenda kubeba mawe yeye mwenyewe. Aliweka manane, mawili kila gurudumu, na gogo moja mbele ya yote, na akamwomba Mama Sesilia asogee pembeni.

Katika gari, waya huupeleka umeme kwenye taa au kifaa, lakini kurudi umeme hupita kwenye chuma cha bodi lenyewe, kisha kwenye mkanda wa shaba iliyosukwa unaounganisha bodi na injini, na kutoka hapo hufika kwenye betri. Mafundi huuita mkanda huo ethi. Niliweka ncha moja ya mita kwenye injini na nyingine kwenye chuma cha bodi. Hendibreki ikiwa imevutwa, sindano ililala kwenye sifuri, kama inavyotakiwa. Ndahani akaachia. Sindano ikainuka kidogo, ikatetemeka kama kitu kinachopumua. Nikaingia chini ya gari, nikashika kebo ya hendibreki iliyolegea, nikaitikisa. Juu yangu nikamsikia Beka akisema, "Taa zinafifia," na injini ikakata.

"Rudia," alisema Fundi Saidi. Ndahani akavuta hendibreki, akapiga ufunguo, likawaka. Akaachia, nikatikisa, likakata. Tulirudia mara sita. Hendibreki ya gari lile haikushika magurudumu, ilishika shafti pale inapotokea giaboksi. Kwa hiyo kebo yake ya chuma ilianzia kwenye bodi, kwa dereva, na kuishia kwenye giaboksi iliyofungwa pamoja na injini. Mkanda wa shaba haukuwapo. Umeme wa bodi nzima, wa taa, wa honi, wa kile kizibo cha pampu ambacho kikikosa umeme huyafunga mafuta, ulikuwa umekosa njia yake, ukatafuta nyingine, na ukaipata ndani ya kebo iliyotengenezwa kwa ajili ya kuvuta breki tu. Kwa miezi mitano ulirudi nyumbani kwa njia hiyo. Kebo ikikazwa, njia inakuwa pana. Ikilegea na barabara ikitikisa, mara mojamoja inakatika. Nilibaki nimelala chini kwenye vumbi, kebo mkononi, na sikutaka kutoka. Hakuna aliyeufundisha umeme ule. Haukuwa na kitabu, hata kuanzia ukurasa wa thelathini na moja.

Nilipokuwa pale chini niliona kitu kingine. Kila mahali bodi ilipokalia chesisi paliwekwa vipande vya mpira wa tyubu ya lori, vimekatwa kwa wembe na kukunjwa mara tatu, na hata boliti zilivalishwa mpira kama soksi, ili chuma kisiguse chuma; hapo napo umeme haukuwa na pa kupita. Ilikuwa kazi safi kuliko yoyote iliyofanyika gerejini kwetu. Nilitoka nikauliza ni fundi gani aliyeweka mipira ile.

"Mimi," alisema Ndahani. "Ile barabara inawatikisa sana. Kuna mama mmoja alinishika shati kwa nyuma tangu kijijini mpaka hospitali, hakupiga kelele, alinishika tu. Nikasema nitafanya kitu."

"Na mkanda wa shaba, Mzee? Waya mpana, uliosukwa?"

"Ule ulikuwa uchi, hauna ngozi. Niliogopa mvua ikija utawapiga shoti wagonjwa. Nikautoa." Alikaa kwenye gogo. "Kwa hiyo ni mimi."

Fundi Saidi alimjibu haraka, kwa sauti ya chini. "Sikiliza, ndugu yangu. Huyo bwana akija kesho tutamwambia ethi ilikatika, tumeirudisha. Ni kweli. Hakuna uongo hapo." Ndahani alitikisa kichwa. "Miezi mitano naitwa mwongo. Nikisema nusu, nitakuwa mwongo kweli."

Bwana Komba alifika Ijumaa saa nne kwa gari la aina ileile, amevaa kaunda suti ya kijivu. Alikuwa mtu wa kusini, mwenye haraka, na alianza kwa kuuliza yuko wapi mtu wa dizeli. Ndahani alisimama mbele yake akasema yote, mipira, mkanda, sababu ya kila kimoja, kwa mpangilio, kama nilivyoandika hapa. Fundi Saidi akamwonesha: mkanda mpya ukitolewa na kebo ikitikiswa gari linakata, ukirudishwa hata ukitikisa vipi halikati. Bwana Komba akavua koti la suti, akampa Beka alishike, akaenda kwenye gari lake mwenyewe, akalala chali nyuma, sakafuni, na kumwamuru dereva wake ampitishe barabara ya matuta. Walirudi amejaa vumbi, mkono kiunoni. Kisha akapanda la zahanati, akalala kwenye kitanda cha wagonjwa, akamwambia Ndahani aende njia ileile, mwendo uleule. Aliporudi alikaa ukingoni mwa kitanda kwa muda, miguu ikining'inia.

"Kugusa gari la serikali bila ruhusa ni kosa," alisema. "Utapata onyo la maandishi."

"Ndiyo, mkuu."

"Barua ya kukuachisha kazi naiondoa. Mipira iacheni." Akamgeukia Fundi Saidi. "Na hili langu, Jumatatu mna nafasi?"

Onyo aliliandika pale pale juu ya boneti, na Ndahani akalipokea kwa mikono miwili. Bwana Komba alipokwisha kuondoka, Fundi Saidi alikaa kwenye jiwe mojawapo la yale manane akasema, si kwangu hasa, "Sheria yangu ndiyo iliyokuwa inalificha." Hakuifuta. Tangu hapo tulipima kila gari mara mbili, hendibreki ikiwa juu na ikiwa chini, na wateja walituona watu wa ajabu. Mimi nilibaki kwake mwaka ule hadi ukaisha, na miaka kadhaa iliyofuata, lakini kila nilichokuja kukijua baadaye kilijengwa juu ya wiki ile. Nilikuwa nimefika nikidhani kazi yangu ni kujua umeme. Neno lile la penseli sikulifuta. Nililipiga mstari tu, lisomeke.

Wiki mbili zilipita. Siku moja kabla ya adhuhuri gari la zahanati likaingia uwanjani, na Fundi Saidi akaweka spana chini kwa hofu. Ndahani alivuta hendibreki, akashuka. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi kama kawaida. Fundi alimuuliza limekata wapi.

"Halijakata. Natoka hospitali, nimepita tu." Alisimama akihangaika na funguo, akatafuta neno. "Nimempeleka mama mmoja leo, wa mimba ya kwanza. Amelala njiani. Usingizi, kabisa. Nikasimama mara mbili kumtazama kama anapumua."

"Na alikuwa anapumua?" aliuliza Mama Sesilia kutoka bandani.

"Alikuwa anakoroma," alisema Ndahani.